Kwato za Tausi

Tulikukuta nyuma ya gereji, Kawangware,
umefungwa kwenye ekseli ya lori,
tumbo limejaa mkate wa jana na unga wa mahindi.
Hakuna aliyekupiga. Hilo ndilo lililonisumbua:
walikupenda kwa walichokuwa nacho,
na utamu ukashuka, ukawasha moto ndani ya kwato.

Sasa uko Karen, umeegemea nyuma
kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.
Daktari Chelangat aliinua picha ya eksirei juani:
"Mfupa umepinda. Ukitoboa wayo, basi."
Akanitazama mimi saisi, si wewe.

Kwa hiyo kila alfajiri, barafu.
Naichukua baa ya Barabara ya Ngong, gunia zima,
mhudumu huniuliza sherehe ya nani.
Naketi juu ya ndoo, miguu yako ndani ya beseni,
kidole changu kifundoni, nahesabu:
mshipa unagonga kama mdai mlangoni.
Nyasi kavu naziloweka saa nzima
sukari imwagike. Unazinusa, unanilaumu.

Julai, baridi ya kuuma masikio.
Jumanne moja nikahesabu, nikahesabu tena.
Kimya. Nilidhani nimekosea mahali.
Ukanyanyua mguu, ukaukanyagisha maranda
polepole, kama anayeonja chai.

Sikumwita mtu.

Ijumaa Nzioka atakuja na tupa yake
akwangue ncha iliyorefuka. Mwaka mzima, amesema,
ukwato mpya huteremka taratibu, kama kucha.

Ile ndoo nimeikalia hadi ikapasuka.
Nimenunua nyingine.