Spana Namba Kumi na Tatu

Boti yetu haina hadhi ya kupigiwa mizinga.
Mita ishirini na nne, rangi ya jivu iliyoliwa na chumvi,
jikoni sufuria mbili, moja haina mfuniko.
Wageni walipofika Tanga kwa zoezi la pamoja
mkubwa mmoja aliitazama pale gatini, akauliza:
"Na ile nyingine inakuja lini?"

Hakuna nyingine, Afande. Ni hii.

Chini, kwenye chumba cha injini, tulikuwa watatu:
mimi Mhina, wa Muheza, niliyezaliwa mbali na maji;
Mwachiro wa Kwale, acheke kwanza ndipo aseme;
na Sajini Nhantumbo wa Msumbiji,
Kiswahili chake maneno manne, Kireno changu hata moja.
Pampu ilivuja. Nikanyoosha mkono bila kugeuka.
"Spana," akasema, akaiweka kiganjani:
kumi na tatu, ile ile niliyoitaka.

Usiku wa tatu redio ikakohoa.
Mshindo majini, upande wa Moa. Kisha mwingine.
Meli kubwa ya wageni ikasimama nje ya miamba,
kina kimekwisha, ikasema, nendeni nyie.
Tukaenda sisi, sufuria zikigongana,
hadi pale mikoko inapobana kama meno ya kitana
na maji chini ya mkuku hayafiki goti.

Boti ya faiba ilijaa changu na tasi,
ngozi nzima, migongo imevunjika ndani kwa ndani.
Chupa mbili za baruti, utambi bado mkavu.
Kijana akainua mikono. Mwachiro akammulika,
akazima tochi.
Akaiwasha tena.
"Mwinjaka," alisema, na hakucheka.

Mtoto wa shangazi yake, yule aliyeolewa Moa.
Mwaka jana walikula naye wali wa Idi sinia moja.

Alimfunga mwenyewe,
kwa fundo tulilofundishwa pamoja Jumatatu.
Injini ilikuwa inanguruma; kama kuna neno
walilosemezana kwa Kidigo, mimi sikulisikia.

Asubuhi kulikuwa na hotuba gatini:
ujirani mwema, bahari salama, picha ya pamoja.
Mstarini pengo moja.
Mwachiro alikuwa chini, anakaza bolti
ambayo haikuwa imelegea.
Nhantumbo alikwishatoroka picha.
Amechuchumaa kando yake, kisanduku wazi,
anampa spana moja moja
bila kuulizwa namba.