Barabara ya Kumi na Moja

Maji ya mkonge yananuka. Nianze hapo,
maana kila mgeni wa maabara yetu Chumbageni
hutanguliza pua, swali baadaye.
Semkiwa huyaleta kwa madumu kutoka Ngomeni,
rangi ya mboga iliyolala, povu juu,
tunayaacha yachachuke siku saba
hadi tope litue.
Ndani ya tope hilo, kidogo mno,
mna mifupa ya dawa.

Baba yangu, Ntahondi, aliyajua kabla yangu.
Alitoka Kasulu na namba shingoni,
akapewa korona, zamu ya alfajiri.
Miaka thelathini na mmoja akiilisha mashine majani,
nayo ikitema singa huku, maji kule,
maji kule mtoni, samaki wakigeuza matumbo.
Na mikono yake, vidole hadi viwiko,
upele juu ya upele.
Usiku alijikuna kwa gunzi la hindi,
polepole, asituamshe.
Tulikuwa macho.

Sasa tazama ubaoni.
Pete nne, tatu za pembe sita, moja ya pembe tano,
zimepakana kuta kama vyumba vya kambi.
Kila kona ina kaboni, kila kaboni ina namba;
huku nako tunaitana kwa namba.
Oksijeni yangu imepanga kumi na mbili.
Ili kitu hiki kitulize ngozi,
kifungue kifua cha mtoto mwenye pumu,
sharti ihamie kumi na moja.
Mlango wa jirani.
Haihami.

Nimeibembeleza kwa bromini,
juu ya barafu ya kuazima kwa wauza samaki.
Nimeitisha kwa potashi kali, kwa vumbi la zinki.
Niliingia na gramu mia;
hatua ya tatu zikabaki arobaini,
ya sita, kumi na moja na ushei,
na ya tisa nilikwangua flaski kwa kijiko
nikapata kiasi cha kufunika ukucha,
nacho, kukipima, kilikuwa kitu kingine.
Miaka miwili hiyo. Daftari la tano.

Baba alikuja Jumanne, hajaarifu,
akakaa kwenye stuli yenye mguu mfupi.
Nikamweleza yote, na chaki mkononi.
Akanyamaza. Kisha:
"Mimi nilihamishwa Kasulu hadi Ngomeni
kwa treni na lori, sikuulizwa.
Hiyo yenu inatoka Barabara ya Kumi na Mbili
kwenda ya Kumi na Moja, hapo hapo Ngamiani,
kashata haijaisha mdomoni umefika,
na mnaibembeleza?"

Semkiwa alicheka hadi akaweka chini bomba la kioo.
Mimi nilicheka nusu.
Nusu nyingine ilikuwa inatazama mikono ile,
na mfukoni mwa shati lake, kimrija cha dawa ya kupaka,
gramu kumi na tano, kimevuka bahari kuja,
anachokiminya kama punje ya mchele,
Jumatatu mkono wa kulia, Alhamisi wa kushoto,
ili kifike mwisho wa mwezi.

Sikumwambia kilichomo.
Ningeanzaje? Kwamba kilichomchuna
na kinachompoza huenda ni ndugu wa tumbo moja,
mmoja akamwagwa mtoni, mwingine akasomeshwa?

Nikampa kichupa cha fuwele zetu, zile za mwanzo, nyeupe.
Akazungusha kifuniko, akanusa,
akanusa tena, akanitazama kama niliyeuziwa mbuzi gunia.
"Hazina harufu," akasema. "Haya si maji yale."

Usiku, chini ya taa ya zambarau,
kipande cha silika kilionyesha doa
mahali ambapo hapajawahi kuwa na doa.
Hafifu. Huenda ni uchafu wa kidole changu.
Nimelizungushia penseli.
Semkiwa kesha kwenda kufuata madumu.