Kiazi Ulaya

Jina lilikusingizia tangu mwanzo.
Ulaya gani, nawe umezaliwa Lukozi,
kwenye matuta ya Shekiondo,
ukungu ndio shuka lako?
Umeshuka Soni kona kwa kona usiku kucha,
gunia limevimba shingo, lumbesa,
kamba ya katani imekukata mabega,
umelipiwa nauli kama mtu
ukakalishwa kama mzigo.

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mafuta yangu yameshaanza kunong'ona.
Mimi Mwanamkuu, muuza chipsi.
Sina shamba, sina meli.
Nina karai, na deni la mkaa.

Juzi kijana wa friza alinipitia
na katoni yenye maandishi nisiyoyajua:
viazi vimemenywa, vimekatwa,
vimelingana kama meno ya bandia.
"Mama, humenyi, huoshi, hutupi ganda.
Bei nayo, wewe linganisha tu."
Nikalinganisha.
Nikachukua moja.

Leo kaja Shekiondo mwenyewe,
udongo mwekundu kucha zote kumi.
Kataja bei, nikanyamaza.
Kashusha, nikanyamaza.
Kashusha tena, kisha akaanza kukunja vidole:
mbegu, mbolea, dawa ya ukungu,
ushuru wa geti, wapakizi, dalali...
Vidole vikamwishia
gharama bado ziko njiani.

Ndipo alipoiona katoni chini ya meza,
inatoka jasho.
Hakutukana. Watu wa milimani
matusi yao huyavika kanzu.
"Kumbe kiazi ulaya chenyewe ndicho hiki," akasema.
"Sasa mimi miaka yote nalima nini?"

Wakubwa wameahidi:
kodi itapandishwa bandarini,
mizani itaizika lumbesa,
ghala la baridi litajengwa.
Huu mwaka wa tatu nasikia.
Ahadi haikaangiki.

Nikanunua madebe mawili.
Si gunia. Madebe mawili.
Nikamenya hadi mgongo ukauliza,
maganda nikampa mbuzi wa Bi Zuhura.
Chipsi zikatoka zimepinda,
hii nene, hii kama njiti,
na mteja wa kwanza, mpiga rangi wa gereji,
akatafuna, akasita:
"Leo umetia nini?"

Sikumjibu.
Katoni nimeirudisha friza ya jirani.
Iko kule, imeganda, haina haraka,
inajua kesho nitaamka
na kesho ina bei yake.