Orodha ya Vendelín

Ilianza Februari, theluji ingali imelala juu ya paa za Zvolen.
Mume wangu akavuta kiti, akachonga penseli kwa kisu cha mkate,
akaandika: URENO. Siku nane. Watu wawili.
Chini yake akapiga mstari kwa rula.
Miaka thelathini na moja alikaa kwenye kibanda cha ishara za reli;
hajui kupiga mstari bila rula.

Pasipoti, nakala tatu:
moja abaki nayo dada yake Hedviga, moja chini ya sanduku,
moja niishone mimi ndani ya bitana ya koti langu.
Fedha, zigawanywe. Nyingi kiunoni, kiasi kwenye soksi,
na mfukoni pochi ya uongo, ya kumpa mwizi:
ndani yake noti ya zamani isiyonunua hata kiberiti
na kadi ya maktaba iliyokwisha muda.
"Na mwizi akiwa anapenda kusoma?" nikamwuliza.
Hakucheka. Akaandika: Ružena asizoeane na wageni.
"Huko wageni ni sisi," nikasema.
Hilo hakuliandika.

Machi tukakata bima.
Vidonge vya presha akahesabu vya siku nane, akaongeza vya siku nne,
nusu mkobani mwake, nusu mkobani mwangu,
ili tukipotezana, hata ugonjwa tuwe tumegawana.
Jioni alijifunza maneno mbele ya kioo cha kunyolea:
msaada, duka la dawa, polisi, nimepotea.
Asante hakujifunza. Haimo kwenye hatari, alisema.
Nikajifunza mimi, nikiosha vyombo.

Basi tukaenda, na hakuna aliyetuibia.
Pochi ya uongo ilirudi kila jioni ikiwa nzima,
naye akaitazama kwa uchungu, kama mama
mwenye binti asiyeposwa.

Siku ya tano tukateremka ufukweni.
Sisi watu wa milimani, bahari tuliijua kwa ramani,
na kwenye ramani bahari imetulia.
Akavua viatu, akakunja soksi yenye noti
akaiweka juu ya jiwe, akapandisha suruali, akaingia.
Nyuma yake, mlingotini, kitambaa chekundu
kikipigapiga kama mtu anayeita.

Mganga hajigangi.
Nyekundu ile ile aliyosimamishia treni za makaa,
za abiria, za askari, usiku wa manane kwenye ukungu,
siku hiyo aliipa mgongo.
Nami niliiona. Nilidhani ni pambo.

Wimbi halikuwa kubwa; hapo ndipo penye hofu.
Lilimfika magotini tu, kisha mchanga ukakimbia chini ya nyayo,
naye akaketi, taratibu, kama anayekaribishwa,
na bahari ikaanza kurudi naye.

Nikafungua kinywa.
Msaada, polisi, nimepotea, yote yalikuwa kichwani mwake
na kichwa chake kilikuwa majini.
Mimi nilikuwa na neno moja.
Nikalipiga ukelele: Obrigada! Obrigada!
Asante, asante, mtu akizama, kama mwendawazimu.

Dona Idalina alikuwa akianika samaki kwenye wavu.
Hakungoja tafsiri. Alikuja na aproni yake,
na mwanawe Valdemar na kamba, na matusi
ambayo hata sasa sijui maana yake, lakini nayakumbuka kwa shukrani.
Wakamtoa kwa ukosi wa shati.

Baadaye, ndani ya blanketi linalonuka dagaa,
aliomba penseli.
"Lile neno lako," meno yakigongana, "linaandikwaje?"
Nikamtajia herufi moja moja.
Akaliandika bila rula, likapanda, likashuka,
likatoka nje ya karatasi.

Soksi hatukuiona tena.
Tulimpigia simu mtu wa bima. Akanyamaza kidogo,
kisha akauliza ilikuwa ya mguu gani.