Kabla ya Jumatatu

Jumatatu tunahamia mfumo mpya.
Kila pembe ya kila kiwanja Nairobi
itaitwa namba nyingine.
Ndivyo ilivyosema barua ya ofisi,
sahihi ya Wafubwa ikiteleza nje ya mstari
kana kwamba nayo imeshahamishwa.

Tangu Jumanne tumo chumba cha majalada, Ruaraka,
mimi, Nyaboke, na kijana wa mafunzo, Lemayian,
tunafungua vitabu vya hesabu vilivyofungwa kwa katani.
Vumbi lake lina ladha. Ukikaa nalo hadi saa kumi
chai yako hugeuka ya mwaka hamsini na nane.

Waliopima zamani walikuwa na mwandiko wa kuogopesha:
saba zao zimevaa mkanda, sufuri zao zimefumba macho.
Walikubaliana juu ya umbo la dunia,
yai walilolichonga kwa kalamu na jedwali za logi,
na juu ya yai hilo wakautandaza mji,
Kaloleni, Ziwani, Pangani, hadi mabonde yasiyo na jina.
Sasa setilaiti zimelipima yai upya
na zinasema, kwa adabu, mlikuwa mbali kidogo.
Kidogo ni mita mia tatu kwenda kusini,
tisini na ushei mashariki:
umbali wa kumtoa mtu jikoni mwake
akajikuta anakoroga uji uani kwa polisi.

Alhamisi tukatoka kutafuta nguzo.
Huwezi kubadili namba
bila kwenda kumwona mwenye namba.
Kitabu kilisema: kilima kitupu, nyasi,
mgunga mmoja hatua arobaini magharibi.
Tulikuta ghorofa saba, nguo za watoto zinachuruzika,
na nyuma ya kibanda cha chipsi
fundi viatu, nguzo katikati ya magoti yake,
anagonga kisigino juu ya kibao kile cha shaba
ambacho vipimo vyote vya upande huu vimezaliwa kwake.

"Mmekuja kuing'oa?" Misumari midomoni.
Mutinda Kyengo; miaka kumi na tisa pale pale.
Hapana, nikasema, tunabadili namba yake tu.
"Sikujua ina namba."
Akainua kiatu, akapuliza,
nikasoma herufi mbili, tarakimu, ufa.
Lemayian akasimamisha kipokezi juu yake
na dakika arobaini tukangoja setilaiti zikubaliane,
wateja watatu wakingoja nasi
mguu mmoja juu, kama korongo.

Mama mmoja akaja na risiti zake za kodi ndani ya mfuko wa unga.
"Basi changu kitahama?"
Hakihami, mama. Ni kama mtoto kupewa jina jipya shuleni,
kovu la gotini ni lile lile.
Akaitikia. Tulipokuwa tunafunga vyombo nikamwona
anahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye ua,
anarudi,
anahesabu tena.

"Umemdanganya," Lemayian akaniambia garini.
"Ardhi inakwenda. Sentimita mbili na nusu kwa mwaka,
kaskazini mashariki, bara zima,
pamoja na Mutinda na nyundo yake."
Sikumjibu. Nilikuwa napiga hesabu:
miaka ishirini na miwili kazini,
nimesogezwa hatua moja fupi
na wala sikuomba uhamisho.

Ijumaa usiku mashine iligeuza pointi zote isipokuwa tatu.
Mojawapo ni ya Mutinda: imekosea kwa sentimita kumi na moja.
Nyaboke akavua miwani. Ni yule wa saba zenye mkanda?
Lori la mchanga? Nyundo?
Akanisogezea daftari na penseli.
"Ya zamani usiifute. Andika pembeni."

Nikaandika namba mpya pembeni,
na katika safu ya hali ya nguzo,
mahali wenzetu huandika nzima, imevunjika, haionekani,
nikaandika: inatumika.