Yorgun, Yorgan

Neno la kwanza nililipata getini, saa kumi na mbili asubuhi,
nikihesabu mifuko ya saruji inayoshuka kwenye lori.
Kolay gelsin, akasema Usta Nurettin, akapita.
Nikadhani ananiuliza jina. Nikamjibu: Athieno.
Siku tatu akaniamkia hivyo, siku tatu nikamtajia jina langu,
mpaka Opendi wa greda akacheka:
anakuombea kazi iwe nyepesi, dada, hajaleta posa.

Kumbe ni pole na kazi.
Kumbe ni gyebale, ile ambayo Waganda
humpa hata mtu aliyeketi kibarazani akichambua mchele.
Wametoka mbali hawa, na bado wanajua
kwamba anayefanya kazi hapitwi kimya.

Nikanunua daftari la kurasa tisini na sita.

Halim yok halikunipa taabu:
hal ni hali, yok ni hakuna,
hali yangu haipo, imehama, mtafuteni kwingine.
Uykum var: usingizi wangu upo.
Sisi pia tunasema tuna usingizi, kama mtu mwenye mbuzi.
Lakini canım çıktı
sikio langu lililileta kama jani.
Nikaandika: jani langu limetoka,
nikaridhika, maana mchana ule wa Februari
mwarobaini wa kambini ulikuwa ukipukutika
nami nilikuwa nimesimama tangu alfajiri.
Usta akasoma, akatikisa kichwa, akagusa kifua.
Si jani. Roho.
Sikulifuta. Yako yote mawili, jani juu, roho chini yake.

Ijumaa moja mvua ilitufungia ndani ya kontena
nikataka waone kwamba nasoma.
Nikasema mbele ya wote: Yorganım!
Wakaangua kicheko hadi chai ikamwagika.
Yorgun ni mchovu. Yorgan ni blanketi, lile nene la pamba.
Nilikuwa nimewatangazia wanaume kumi na mmoja: blanketi langu!
Nikacheka nao. Usiku nikalala nikiwaza
ni herufi moja tu iliyosimama
kati yangu na kitanda.

Nikuambie jambo.
Kwetu Molo sijawahi kumsikia mama akisema amechoka.
Alisema jua limekuwa kali. Alisema jembe limekuwa butu.
Alisema kisima siku hizi kimesogea.
Vitu ndivyo vilivyochoka, yeye alikuwa akivihurumia.
Nami nimekua hivyo hivyo:
nimechoka likinifika kooni
nasikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, mtu ananitazama.

Yoruldum halimjui mama.
Halina shamba, halidaiwi ada ya shule,
halijaamka usiku kumkanda mtoto mwenye homa.
Nalitamka juu ya boda nikirudi nyumbani,
kijana wa boda anadhani nasali.
Çok yoruldum. Çok. Nalirudia
mpaka Mwamba wa Tororo umebaki kivuli
na taa za kiwanda zimewaka, na vumbi la saruji
bado liko kwenye nyusi zangu kama uzee wa kuazima.

Jana nilimkuta mama ukumbini, miguu kwenye beseni,
maji yamepoa, hajaitoa.
Nikamwambia: Kolay gelsin.
Akauliza ni lugha gani hiyo unayonitukania.
Nikamweleza. Nikamweleza na lile la hali.
Akajaribu, ulimi ukateleza. Akajaribu tena,
akiitazama miguu yake,
kama mtu anayejaribu kiatu dukani
bila nia ya kununua.

Halimu yoku.

Akanyamaza kidogo.
Halimu yoku, akasema, safari hii bila kuniangalia.

Nikaleta taulo.
Sikumsahihisha.