Kuanzia Miaka Sita

Kifurushi kilifika posta ya Nakuru Alhamisi,
ushuru wake ukala pesa ya gesi.
Sikunung'unika. Miaka kumi na tisa
sijaunung'unikia ushuru.

Jumamosi tukakifungua juu ya duka la Wairuri la sare za shule,
sisi wanne, na vumbi,
ambalo huwa mwenzetu wa tano, halialikwi, halikosi.
Nyamweya akakata utepe kwa kisu chake cha kazi
(ni daktari wa mifugo, kisu kimeona mengi).
Ndani, askari ishirini wa plastiki ya rangi ya chungwa,
vichwa kama viazi vya Molo,
macho ya mviringo, wote wanacheka.
Wote. Hata yule aliyebeba majeruhi.
Hata majeruhi.
Unawabana tu, tak, tak, gundi ya nini?
Na kitabu cha kanuni, kilichokuwa kizito kama gogo la bucha,
sasa ni karatasi iliyokunjwa mara tatu
na mchoro wa mkono ukikufundisha kurusha dadu.
Pembeni mwa kasha, ndani ya nyota:
Kuanzia miaka sita.

Maritim akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Nyota haikuondoka.
Ana miaka sitini na mitatu.
"Basi nimehitimu," akasema.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia.
Mchana nachonga magego ya watu nisiowajua;
Jumamosi, kwa chombo kile kile,
nakwangua ukungu mweupe kwenye kola ya luteni
asiyefikia pingili ya kidole changu cha shahada.
Nimempaka luteni huyo kope.
Kope!
Kwa burashi ya unywele mmoja, pumzi nimeibana,
huku cherehani chini ikitetemesha meza.
Ni wa risasi, huyu: si ya kufyatua, ya kumimina.
Ukimtia mfukoni, mfuko unajua.

Tuna Menengai yetu, tuliichonga kwa sponji ya godoro,
tukainyunyizia unga wa mawe wa Kariandusi,
na humo ndani tulipigana Jumamosi nne mfululizo
kwa ajili ya kisima kimoja.
Hakuna aliyekitwaa. Kisima kipo mpaka leo,
kizibo cha dawa ya kikohozi.

Kampuni inasema inakua. Barua ilikuwamo:
wapendwa wateja, tunafungulia mlango kizazi kipya.
Vizuri. Lakini mbona mlango ukifunguliwa
ni sisi tunaorushwa dirishani?
Na nani alimsifu mgema, kama si sisi?
Tulimsifu kwa noti, mwezi baada ya mwezi.
Sasa tunaonja, tunatazamana,
hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema maji.

Niseme na hili, maana Wairuri ananikodolea macho:
nilianza nikiwa na miaka minane, Bondeni,
vizibo vya soda upande huu, kokwa za parachichi upande ule,
na sheria nilizotunga zilikuwa arobaini na moja.
Niliziandika nyuma ya daftari la Hisabati.
Nilichapwa kwa sababu ya daftari; sheria hazikuguswa.
Hakuna aliyenirahisishia kitu.
Mtoto hatafuti wepesi.
Anayetafuta wepesi ni muuzaji.

Kimemia, mpwa wa Wairuri, akapanda na chupa ya chai.
Ana tisa. Tukamsukumia kasha, kwa hila kidogo, nakiri,
tukingoja achoke.
Akawabana wote kabla chai haijapoa.
Akamgeuza yule majeruhi. "Huyu anacheka nini?"
Nyamweya akajikuna kidevu. Maritim akatazama dari.
Hakuchoka, lakini. Akaomba mmoja, tukampa kumi,
akashuka akiwaburuza ukutani, mlio wa mizinga mdomoni,
furaha tupu, na mimi nikazidi kununa.

Kisha, kutoka katikati ya ngazi, sauti yake,
akimwambia mtu, au akimwambia askari:
"Ukikanyaga ya sita umekufa.
Isipokuwa kama umebeba mtu."

Nikaweka burashi chini.
Hiyo, nikahesabu, ni moja.